Kabla ya kumlipa mpiga picha wa harusi, omba kuona harusi nzima

Picha za harusi ya mdogo wangu zimefika wiki iliyopita, na tangu nilipoweka chache hapa simu yangu haijatulia. Wengi mnauliza jambo moja: huyu mpiga picha mmemtoa wapi? Nasema bila kujificha kwamba najivunia, maana mimi ndiye niliyemchagua. Mdogo wangu alinikabidhi kazi hiyo mapema kabisa. Aliniambia, "Dada, wewe uchungu wake unaujua, nitafutie mtu." Na kweli naujua.

Mimi nilipoolewa nilifanya kila kitu ambacho bibi harusi huambiwa afanye. Nilianza kutafuta mapema, nikalinganisha, nikauliza waliotangulia. Mpiga picha aliyesifiwa na kila mtu alikuwa na ukurasa wa kuvutia kweli: shela linapeperuka, jua linazama, maharusi wanatazamana. Tukakutana naye, akatuchangamkia, tukasaini, tukatoa malipo ya awali. Asubuhi ya harusi, nikiwa bado napambwa, mlango ukagongwa. Akaingia kijana nisiyemjua, kamera moja shingoni, akasema ametumwa na bosi. Bosi alikuwa amechukua harusi nyingine siku hiyo hiyo.

Kijana yule sina neno naye, alijitahidi kwa kadiri ya alivyofundishwa. Neno ninalo na aliyemtuma.

Tulisumbuana sana mpaka picha zikatoka, hayo nayaruka. Ya kwanza kuifungua ilikuwa ya kuvishana pete. Pazia lililo nyuma yetu limetoka safi kabisa, mikunjo yake unaihesabu. Mikono yetu ni ukungu. Gauni langu lilikuwa na shanga ndogo ndogo ambazo mama alizishona kwa mkono wake, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, usiku baada ya usiku. Kwenye picha zangu huoni hata ushanga mmoja, mikono ya gauni ni myeupe tupu kama karatasi. Na bibi yangu, mama yake mama, aliyekaa mstari wa mbele tangu mwanzo wa ibada mpaka mwisho, hayumo kwenye picha hata moja. Bibi sasa ni marehemu. Hilo sijalizoea, wala sitajifanya nimelizoea.

Mdogo wangu alivaa gauni lile lile. Safari hii shanga za mama zinaonekana moja moja, na uso wa mdogo wangu una rangi yake halisi, haukugeuka kijivu wala rangi ya chungwa. Nilimuuliza mpiga picha amefanyaje, naye akanieleza taratibu. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hudhani kwamba chochote kilicho mbele yake kina kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga, na uso mweusi unazama gizani. Suti nyeusi ikijaza fremu, kamera huongeza mwanga, na gauni linaungua, yaani linatoka jeupe tupu bila alama yoyote. Sehemu iliyoungua haiokoleki hata picha ihaririwe na nani, kwa sababu pale hakuna kilichorekodiwa. Kwa hiyo yeye huweka mwanga kwa kulihesabu gauni kwanza, kisha huuinua uso kwa flashi aliyoielekeza darini au ukutani. Faili zake hupiga katika RAW, yaani faili ghafi inayohifadhi yote ambayo kamera imeyanasa, siyo JPEG peke yake, ile picha ya kawaida iliyokwisha kubanwa, ili abaki na nafasi ya kufungua vivuli, yaani kung'arisha sehemu za giza, baadaye.

Nimeeleza hili kwa urefu makusudi, kwa sababu ngozi nyeusi na gauni jeupe katika fremu moja ni mtihani wa kweli, na wengi hawaupiti. Hata historia ya picha za rangi haikutuhurumia. Kwa miongo mingi maabara zilipanga rangi za filamu kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imekubalika. Filamu imepita, lakini mazoea hayajaisha. Tazama picha za mtu unayetaka kumwajiri: je, watu weusi kwa weupe, waliosimama pamoja, kila mmoja ana rangi yake? Au wote wamepakwa rangi moja ya machungwa inayoitwa mtindo?

Sasa nije kwenye ushauri wenyewe, na kama utakumbuka kimoja tu, kumbuka hiki: omba kuona harusi moja nzima. Usikubali picha kumi bora kutoka harusi kumi. Omba zote alizomkabidhi mteja mmoja, kuanzia maandalizi ya asubuhi mpaka watu wanapoaga. Anayefanya kazi hii kila wiki hawezi kukosa picha chache nzuri, jua la jioni pekee linamsaidia. Lakini harusi haifanyiki yote saa ile ya jioni. Kuna nyumba ya ibada yenye taa hafifu na masharti ya kutotumia flashi. Kuna ukumbi wenye taa za zambarau zinazozunguka. Kuna picha za familia zinazopigwa jua la utosini, watu thelathini wamekunja macho. Huko ndiko utakapomjua.

Ukishaletewa harusi hiyo nzima, ruka picha za maharusi wakiwa peke yao. Nenda moja kwa moja kwenye kiapo na pete. Nenda kwenye dansi ya usiku. Tazama wazee: wamepigwa wakiwa wanacheka, wanafuta machozi, au wamepangwa mstari tu na kuachwa? Tazama kama mama wa bibi harusi anaonekana zaidi ya mara moja. Mpiga picha wa mdogo wangu alinipa harusi mbili nzima bila kusitasita. Mwingine niliyemwomba alisema wateja wake hawaruhusu, na nilipomwomba walau picha za usiku akanitumia tena jua linazama. Nikamshukuru, nikaendelea na safari.

Jambo la pili ni nani hasa atakuja. Muulize uso kwa uso: ni wewe mwenyewe? Kisha jina lake liandikwe kwenye mkataba, na iandikwe pia kwamba akiugua ataleta nani, na wewe uione kazi ya huyo mbadala kabla. Ule mkataba wangu ulitaja jina la ofisi tu, na mwenye ofisi alijua vizuri kwa nini aliuandika vile. Anayekasirika ukimwomba jina liandikwe ameshakujibu.

Uliza kuhusu kamera, hata kama hujui kamera. Maswali mawili yanatosha. Unakuja na kamera ngapi? Jibu ni mbili au zaidi, kwa sababu kamera ni mashine na mashine huharibika. La pili: kila kamera inahifadhi picha kwenye kadi mbili za kumbukumbu kwa wakati mmoja? Wenye kazi yao hawalichukulii hili kama mzaha. Mwaka 2018 Nikon walipotoa Z6 na Z7, na Canon wakatoa EOS R, kamera hizo zilikuwa na nafasi moja tu ya kadi, na wapiga picha wa harusi walilalamika sana. Mwaka 2020 zikaja Z6 II, Z7 II, EOS R5 na R6, zote zina nafasi mbili. Kadi moja ikifa ya pili inabaki na kila kitu, na kuvishana pete hakurudiwi ili mtu apige upya.

Kuna dada ameniandikia kwamba bajeti yao ni ndogo na binamu yao ana kamera nzuri, je, wamtumie? Dada yangu, hapana. Binamu ni mgeni, mwache ashangilie. Akikosea huwezi kumdai kitu, na undugu utaumia kwa miaka. Kama fedha ni kidogo, punguza saa. Mchukue mtu hodari kwa saa chache, kuanzia nusu saa kabla ya ibada mpaka picha za familia zitakapokwisha, za usiku wageni wapige kwa simu zao. Saa chache za mtu anayejua kazi yake zina thamani kuliko siku nzima ya anayebahatisha.

Na hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tunatumia fedha nyingi mno kwa vitu vitakavyong'olewa usiku ule ule. Maua yatanyauka, vitambaa vya meza vitarudi kwa mwenyewe, magari yatarudi gereji. Halafu mtu anafika kwa mpiga picha na kilichobaki mfukoni, anaanza kuomba punguzo. Panga bajeti yako kwa kuanzia picha, kisha ndiyo uje kwenye mapambo. Wazazi wako hawatakuwepo milele. Wanaokaa mstari wa mbele leo, hujui ni nani atakosekana kwenye harusi ijayo ya ukoo wenu. Waone, waandike majina.

Nasema waandike, maana mpiga picha hamjui bibi yako. Kwake ni mzee mmoja kati ya wengi. Tengeneza orodha fupi ya watu ambao lazima wawe na picha nawe, mpe mpiga picha nakala, na nakala nyingine mpe ndugu mmoja mwenye sauti anayewajua wote kwa sura. Kazi ya ndugu huyo iwe kuwaita na kuwasogeza. Sisi tulimpa mjomba, na picha za familia zilikwisha kabla watu hawajachoka.

Mwisho, soma kipengele cha umiliki. Katika nchi nyingi, Uingereza na Marekani zikiwamo, haki miliki ya picha hubaki kwa aliyezipiga, si kwa aliyelipa, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hivyo iandikwe wazi kwamba mnaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa kwa ndugu, na kwamba hatazitumia kwenye matangazo yake bila idhini yenu. Iandikwe tarehe ya kukabidhi, idadi ya chini ya picha zilizohaririwa, na muda atakaotunza faili kabla ya kuzifuta. Zikifika, zinakili siku hiyo hiyo sehemu mbili tofauti, moja iwe nje ya nyumba yenu, na malipo ya mwisho mtoe mkishazifungua na kuziona zote.