Mahari na lobola si kitu kimoja

Ukiuliza kama lobola, mali ya ndoa ya Wazulu wa Afrika Kusini, ni "mahari ya Kizulu" tu, jibu ni hapana, ingawa wengi hutafsiri hivyo. Tofauti ni nani anayepokea. Mahari, neno tulilolipata kwa Waarabu (mahr), kisheria ya Kiislamu ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Soma Surat An-Nisaa aya ya 4. Baba akiitia mfukoni bila ridhaa yake, amekula haki ya bintiye. Lobola, kwa desturi ya Wazulu, ni ng'ombe wanaokwenda kwa ukoo wa bibi harusi. Inkwano, mali ya ndoa ya Rwanda na Burundi, nayo huelekea huko huko kwa wazazi.

Kinachochanganya ni kwamba sisi wa Pwani pia tuna vya wazazi, ila tumevipa majina yake: kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mkaja ni ile nguo mzazi anayojifunga tumboni akishajifungua, kwa hiyo mama analipwa kwa uchungu wake. Na Wazulu wanaye ng'ombe wa mama peke yake, ingquthu, mbali na wale wa baba. Hapo ndipo tunapofanana hasa.

Dahej ya India usiiingize kabisa, hiyo inatoka upande wa mke kwenda kwa mume.

Ila tahadhari: Kiswahili cha bara kinaita vyote mahari: mbuzi, blanketi na bahasha ya shangazi humo humo. Kwa hiyo muulize kwanza anayetaja mahari ametokea wapi.