Re: Wiki 10, sina tatizo lolote, vipimo vya damu vya nini?

Hongera kwa mimba, mdogo wangu. Umeuliza kama ultrasaundi peke yake inatosha, maana hujaumwa hata kichwa na foleni ya kliniki huko Mbagala imekuchosha kabla hujaanza. Haitoshi. Ultrasaundi inaonyesha mtoto na umri wa mimba, damu yako haioni.

Kaswende, VVU na homa ya ini B hukaa mwilini kimya kabisa, na vyote vinaweza kumfikia mtoto. Kaswende ndiyo inayoniuma zaidi: tiba yake ni sindano ya penisilini tu, lakini ikiachwa inaweza kuua mtoto tumboni. Na kuipima ni tone la damu kidoleni, unasubiri kidogo, majibu yanaandikwa kwenye kadi.

Kundi la damu nalo usilidharau. Ukiwa na kundi hasi (kama O-) na baba mtoto ana kundi chanya (kama O+), mwili wako unaweza kutengeneza kingamwili za kushambulia damu ya mtoto, mara nyingi wa mimba inayofuata. Ipo sindano ya kuzuia hilo, inaitwa anti-D, hutolewa wiki ya 28 hivi na ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Muulize nesi mapema.

Presha na mkojo hurudiwa kila hudhurio, kwa sababu hatari ya kifafa cha mimba kwa kawaida huanza baada ya wiki 20. Wingi wa damu na malaria watakupima hapohapo.

Wahi kabla ya wiki 12, na shemeji aende, naye apimwe. Ultrasaundi yako ifanye kabla ya wiki 24.