Kumpima kwotabeki wa sekondari kwa namba za pasi

Karatasi ya takwimu za kwotabeki, yaani mrusha pasi mkuu wa timu ya futiboli ya Marekani, ikifika mezani, jicho hukimbilia jumla ya yadi. Wewe anzia kwingine. Yadi 3,000 kwa msimu huenda zinakuonyesha tu kwamba kocha wake anapenda kurusha mpira. Kinachomhusu kijana mwenyewe ni yadi kwa kila jaribio la pasi.

Tuseme ana majaribio 180, pasi zilizokamilika 110, yadi 1,620, tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) 18, pasi zilizonaswa na wapinzani 6. Hizo ni yadi 9 kwa jaribio. Sasa ongeza yadi 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, kisha ugawe kwa majaribio: 9.5. Anang'aa kweli. Ila pitia mechi moja moja, na huenda ukakuta kwamba dhidi ya timu dhaifu kuliko zote alikamilisha 15 kati ya 18, yadi 360, tachidauni 6. Iondoe mechi hiyo urudie hesabu: 7.6. Wanaoanza kazi hii huiruka hatua hiyo, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu katika sekondari za Marekani timu na timu zimepishana mno kwa nguvu.

Ukiona alama ya jumla ya mpiga pasi, yaani namba moja inayojumlisha takwimu zake zote za pasi, uliza imetoka kwenye fomula gani. Kijana huyuhuyu ana 163 kwa fomula ya vyuo na 110 kwa ile ya NFL (ligi ya kulipwa ya Marekani), ambayo kikomo chake ni 158.3. Kuna watu hulinganisha hizo mbili bila kujua.

Asilimia ya pasi zilizokamilika nayo hudanganya. Pasi ya pembeni inayopokelewa nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo ni rahisi kukamilika, na mpokeaji mwenye mbio akikimbia yadi 60, zote huandikwa kwa jina la kwotabeki. Upande wa pili, kwotabeki Josh Allen alikamilisha takriban asilimia 56 tu chuoni Wyoming, na bado alikuwa mchezaji wa 7 kuchaguliwa timu za NFL zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2018.

Angalia pia safu ya yadi za kukimbia kwenye karatasi. Sekondari na vyuoni, yadi anazopoteza kwotabeki akiangushwa na mpira mkononi hukatwa kwenye yadi za kukimbia. Anayeng'ang'ania mpira kupita kiasi hubaki na namba safi za pasi, madhara yakiwa yamejificha kule. Kwa hiyo yadi hasi za kukimbia zisikufanye useme hana miguu; hesabu kwanza ameangushwa mara ngapi.

Ndipo uende kwenye video, hasa ya zile mechi ngumu zilizobaki. Tazama dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) zikiwa zimebaki yadi 7 au zaidi, ambapo walinzi wanajua pasi inakuja. Tafuta pia pasi za kwenda upande wa mbali wa uwanja. Alama za ndani za uwanja wa sekondari huugawa upana katika theluthi tatu, hivyo mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, mstari wa pembeni wa kulia uko umbali wa zaidi ya yadi 35. Mkono dhaifu huuelekeza mpira huko kwa kuupandisha juu, na mlinzi hupata muda wa kufika. Ukikuta kijana hazirushi kabisa pasi hizo, muulize kocha kama ni mpango wake au ni mkono wa kijana.