Hesabu ya klorini ifanyeni kwa saa mbaya zaidi ya siku

Wadogo zangu mnaoingia kwenye mitambo ya kutibu maji, hesabu za dawa ni kuzidisha na kugawanya tu. Wengi huangushwa na namba wanazoziingiza kwenye hesabu hizo.

Nianze na vipimo. Vitabu vingi vya mitihani mtakavyovikuta mtandaoni vimeandikwa Marekani, vimejaa galoni, pauni na ile 8.34 ya kubadilisha vipimo. Huku kwetu haina kazi. Miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Mtambo ukipitisha mita za ujazo 200 kwa saa, na dozi ni miligramu 3 kwa lita, unahitaji gramu 600 za klorini kila saa. Njia ni hiyo hiyo hata kwa mtambo mkubwa kama Ruvu Chini, wenye uwezo wa mita za ujazo 270,000 kwa siku: kwa dozi hiyo hiyo zingehitajika kilo 810 kwa siku.

Dozi yenyewe inatoka wapi? Ni klorini itakayoliwa na maji, pamoja na ile unayotaka ibaki. Inayoliwa hupotelea kwenye tope, chuma, amonia na mabaki ya mimea, na hubadilika na mvua. Pimeni kila maji ghafi yanapobadilika: chupa kadhaa zenye dozi tofauti, subiri nusu saa, soma mabaki ya klorini kwa DPD, ile dawa inayoyageuza maji kuwa ya waridi kulingana na klorini iliyobaki. Msirithi dozi ya zamu iliyopita bila kupima.

Sasa unga wa klorini. Ndoo ikiandikwa asilimia 65, yaani kiasi cha klorini kilichomo, tangi la lita 1,000 la myeyusho wa asilimia 1 linahitaji kilo 10 za klorini, yaani kilo 15.4 za unga. Pampu ikitoa lita 60 kwa saa, umepata gramu zako 600. Lakini unga uliokaa kwenye stoo yenye joto, kifuniko kikiwa kimelegea, hupoteza nguvu. Tuseme umeshuka hadi asilimia 50. Kilo zile zile 15.4 zinatoa klorini kilo 7.7, na dozi halisi inakuwa 2.3. Kama maji yanakula 2.2, ulitegemea mabaki ya 0.8, kumbe umebaki na 0.1. Pampu inazunguka vizuri, kitabu cha zamu kinasomeka vizuri, na watu wanakunywa maji yasiyo na kinga. Ndiyo maana nasisitiza: pimeni nguvu ya myeyusho kila mnapofungua shehena mpya au unga uliokaa.

Nawaomba mkae zaidi na muda wa mgusano, kwa sababu hapa ndipo hesabu nzuri karatasini huficha hatari. Tunazidisha mabaki ya klorini kwa dakika ambazo maji yamekaa nayo. Hiyo ndiyo CT. Tangi la mita za ujazo 300, maji yakipita 200 kwa saa, kwa kugawanya linakupa dakika 90. Mabaki 0.8 mara 90 ni 72, na mtu anaridhika. Ila tangi lisilo na kuta za ndani za kuyazungusha maji huyaacha mengine yakimbie moja kwa moja kutoka mdomo wa kuingilia hadi wa kutokea. Kwa tangi la namna hiyo tunahesabu sehemu ya kumi tu ya muda: dakika 9. CT yako ni 7.2. Majedwali ya Marekani, kwa maji ya nyuzi 20 na pH 7, yanataka CT ya takriban 9 kwa ile sehemu ya Giardia, kimelea cha kuharisha, inayoachiwa klorini baada ya kichujio kizuri. Hukufika.

Halafu njoo saa kumi na mbili asubuhi, mji mzima umefungua bomba. Tangi limeshuka hadi mita za ujazo 120 na yanatoka 300 kwa saa. Dakika 24, sehemu ya kumi ni 2.4, CT haifiki hata 2. Wastani wa siku hauwezi kukuonyesha saa hiyo. Tumieni mtiririko wa juu kabisa, kina cha chini kabisa, na mabaki yaliyopimwa kwenye mdomo wa kutokea. Kuta zilizojengwa vizuri zinaweza kupandisha sehemu hiyo ya kumi, yaani 0.1, hadi 0.7, kwa hiyo mkiwa na nafasi ya kumshauri mhandisi kuhusu matumizi ya fedha, anzeni na kuta kabla ya kuomba dawa zaidi.

Angalieni pH pia. Kwenye 7.5 karibu nusu tu ya klorini huru, ile isiyoshikamana na amonia, iko katika umbo lenye nguvu. Ikifika 8 inabaki karibu robo, na ile 9 ya jedwali inapanda hadi karibu 13. Cryptosporidium, kimelea kingine cha kuharisha, msiihesabie klorini kabisa. Hiyo ni kazi ya kichujio, au ya mionzi ya UV kwa mitambo iliyo nayo.

Mwisho wa zamu, pimeni unga uliotumika kwa mizani, zidisheni kwa nguvu yake, gawanyeni kwa mita za ujazo zilizopita. Jibu likipishana sana na dozi iliyoandikwa, msisaini kitabu kabla ya kujua klorini imekwenda wapi.