Jibu: CRP ya mama ni 180, je, nimonia imezidi?

Pole sana, dada. Umeuliza kama CRP ya 180 (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) ina maana mama mwenye nimonia yuko hatarini. Mimi ni muuguzi wodini hapa Nairobi: namba hiyo peke yake haitoshi. Kwanza mtazame anavyopumua. Pumzi 30 au zaidi kwa dakika, kuchanganyikiwa, au presha ambayo namba yake ya juu haifiki 90, hizo ndizo za kutisha, hata CRP ikiwa ndogo. Kisha tafuta urea, yaani taka ya damu inayotolewa na figo, kwenye karatasi ya maabara. Ikizidi 7 mmol/L, mwonyeshe daktari. CRP irudiwe siku ya tatu au ya nne. Isiposhuka kufikia nusu, uliza kama dawa inafaa au kuna maji kando ya pafu. Oksijeni yake inasoma ngapi?