Mwanafunzi Anapochagua Kikorea kwa Sababu ya Nyimbo

Walimu wenzangu mliotoka Kenya na Tanzania mkaja kufundisha Kiingereza katika sekondari za Thailand, swali hili mtaulizwa, hasa na wanafunzi wa Mathayom 4, ambao ndio kwanza wanaingia sekondari ya juu na wanatakiwa kuchagua lugha ya pili ya kigeni: je, nichukue Kikorea? Mimi huulizwa kila unapokaribia mwezi wa Mei, mwaka wa masomo unapoanza, na kwa kuwa nimekuwa mwalimu wa darasa katika mchepuo wa lugha, nimewaona wanaolipenda somo hilo, wanaolivumilia, na wanaolichoka kabla muhula haujaisha.

Wengi huja kwa sababu ya nyimbo na tamthilia, na katika ofisi za walimu sababu hiyo huchekwa. Sioni haki ya kuicheka. Lisa wa BLACKPINK, kundi la muziki la Korea Kusini, alizaliwa Buriram, kaskazini-mashariki mwa Thailand, kwa hiyo kwa msichana wa mikoa hiyo Kikorea ni lugha ambayo mwenzake wa nyumbani aliijua akafika alikofika. Isitoshe, mwanafunzi wa namna hii huingia darasani sikio lake likiwa limekwisha kuzoea matamshi, jambo ambalo ningelifurahia sana kwa wanafunzi wangu wa Kiingereza.

Shida huja baadaye kidogo. Herufi za Hangul, zilizotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, ni 24 tu za msingi na hujifunzwa upesi. Tena katika mojawapo ya njia mbili za kuhesabu za Kikorea, tatu ni “sam” na kumi ni “sip”, kama ilivyo katika Kithai. Mwanafunzi huona ameipata lugha. Kisha anakutana na vitenzi vinavyobadilika mwisho kulingana na wakati na heshima ya anayeambiwa, ilhali kitenzi cha Kithai hakinyumbuliki na heshima huongezwa kwa kineno mwishoni mwa sentensi. Sisi tuliokulia katika Kiswahili tumezoea kubebesha kitenzi viambishi vingi, kwa hiyo ni rahisi kudharau ugumu huo. Mwambieni mwanafunzi habari hii kabla hajajiandikisha, kwa sababu shule zinazolinadi somo hili kuwa jepesi ndizo zinazozalisha wakata tamaa.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni huchelewa kulitambua. Mwaka 2023, baada ya watalii wengi wa Thailand kurudishwa kutoka viwanja vya ndege vya Korea Kusini, mitandaoni kulizuka wito wa kususia safari za huko, na darasani niliwasikia wanafunzi wakizungumza kwa uchungu juu ya nchi waliyoisifu muda mfupi uliotangulia. Nyuma ya mambo hayo kuna Wathai wengi wanaofanya kazi Korea bila vibali, ambao Wathai wenzao huwaita “phi noi”, yaani vizuka vidogo. Kwa hiyo msiulize mbele ya darasa nani ana ndugu Korea. Mwenye shangazi kiwandani huko huenda asijibu, na mara nyingi huyo ndiye anayesoma kwa bidii kuliko shabiki yeyote, kwa sababu anajua kwamba njia halali ya ajira, ile ya mkataba kati ya serikali mbili, humtaka mwombaji afaulu kwanza mtihani wa Kikorea.

Anayesitasita mpeni mazungumzo ya kawaida ya Kikorea ayasikilize, yasiyo na muziki wala tafsiri chini ya picha, kisha mtazame kama anataka kujua kilichosemwa. Mwelezeni pia kwamba tangu mwaka 2018 Kikorea kimo miongoni mwa lugha za kigeni zinazotahiniwa kwa ajili ya kuingia chuo kikuu nchini humu, kwa sababu wazazi wengi hutulia wakisikia hivyo. Kuhusu TOPIK, mtihani wa kimataifa wa kupima Kikorea, ambao daraja zake ni 6, ningeshauri asikimbilie kuufanya akiwa Mathayom 4: matokeo yake hutambuliwa kwa miaka 2 tu, na anayefanya mapema hivyo anaweza kuwa na cheti kilichokwisha muda wakati anapoomba nafasi ya chuo.