Kadi Yangu Bado Imeandikwa Singo

Jumanne iliyopita, saa tano usiku, nilipata ujumbe wa msomaji kutoka Mwanza. Ana miaka 31, ni mwalimu, amepanga chumba na sebule, na mwisho wa maelezo yake marefu aliniuliza hivi: "Dada, jioni nikifunga mlango, kile kitasa nakisikia hadi moyoni. Nirudi kwa mama au niendelee kuamini?"

Niliusoma nimesimama jikoni, mwiko mkononi, wali unashika chini. Kwanza nikacheka, maana kitasa hicho nakijua, nami ninacho changu hapa Tabata. Halafu cheko likaniishia.

Nina miaka 38. Naishi peke yangu tangu 2013, ukiacha miezi kumi na tisa nitakayoisimulia. Sijaolewa, na ninataka kuolewa. Naliandika hili bila kunong'ona, ingawa najua kuna ndugu watakaolisoma na kesho watampigia mama simu kumuuliza kama nimechanganyikiwa. Shikamooni wote.

Ngoja nianze na sensa. Agosti 2022 karani alifika kwangu na kishikwambi chake, kijana mpole, nikampa kiti na maji. Akauliza usiku wa kuamkia tarehe 23 walilala watu wangapi katika kaya hii. Nikamwambia mmoja. Akabaki ananitazama, kidole kimeganda juu ya kioo, kama vile sijamaliza kuhesabu. "Mmoja," nikarudia. Mkuu wa kaya nani? Mimi. Hali ya ndoa? Sijawahi kuolewa. Kwa jirani yangu mwenye watoto watano alikaa karibu saa nzima, kwangu hata maji hakuyamaliza. Matokeo yalipotangazwa nikasikia wastani wa kaya Tanzania ni watu 4.3. Mimi ni mhasibu, namba haziniponyoki, kwa hiyo nikafanya hesabu yangu: kaya yangu ina upungufu wa watu 3.3. Na Dar es Salaam tulihesabiwa watu 5,383,728. Usiku ule nililala nikijiuliza, katika wote hao, mmoja tu wa kwangu hayumo?

Alikuwepo lakini. Au niseme, nilidhani yupo.

Barua ya posa ilifika nyumbani Muheza Aprili 2016, ndani ya bahasha nyeupe, imeletwa na mshenga na mzee mwingine mmoja. Baba mdogo aliisoma kwa sauti mbele ya ukoo. Mahari ikapangwa, ikalipwa nusu, wakala, wakaondoka. Dar kamati ikaundwa, ikakaa vikao vitatu, kadi za mchango zikasambazwa, sare ya kichen pati ikachaguliwa (kitenge cha zambarau, bado ninacho, nimekifanya pazia la stoo). Basi simu ya mwenzangu ikaanza kuwa na shughuli nyingi. Leo yuko kikaoni, kesho yuko safarini, keshokutwa chaji imekwisha. Septemba mshenga alikuja peke yake, akakalia ukingo wa kochi kama mtu aliyefuata deni, akasema, "Binti yangu, mwenzetu ameomba nafasi kidogo."

Nafasi ya nini hakusema. Februari iliyofuata nikaiona mwenyewe kwenye picha, kundi la WhatsApp la watu tuliosoma wote: harusi Arusha, bwana harusi amependeza. Suti ile niliichagua mimi. Nilizunguka naye maduka manne ya Kariakoo kuitafuta.

Baba mdogo, ambaye alistaafu ukarani wa mahakama, alipanda basi kuja Dar akiwa na Sheria ya Ndoa ya 1971 kwenye mkoba. Akanionyesha kifungu cha 69: aliyevunja ahadi ya ndoa anaweza kudaiwa fidia, ila kwa hasara uliyoipata kweli. Kwa kazi yangu hiyo ni ya dakika kumi. Nikaandika malipo ya awali ya ukumbi, vitenge, uchapaji wa kadi, nauli za wazee. Jumla shilingi 1,346,000. Nikaiangalia ile karatasi, nikaikunja. Kilichoniuma hakikuwa na risiti, na sikutaka kusimama mbele ya hakimu nikibishania vitenge.

Kazi niliyoifanya ni kurudisha michango. Mmoja mmoja, kwa simu, nikilipia na makato. Wengine walikataa, wakasema, "Kaa nayo tu, mdogo wangu, Mungu si Athumani." Hao ndio waliokuwa na maswali mengi kuliko wote.

Kuanzia 2017 hadi 2019 sina la kuwasimulia. Nilikwenda kazini, nikarudi.

Ila kuna jambo moja la miaka ile nalitaka mlione, hasa wewe wa Mwanza. Kila kitu ndani ya chumba changu kilikuwa cha muda. Kitanda nne kwa sita, maana "nikiolewa tutanunua kikubwa". Meza sina, chakula nakula mapajani. Pazia la dirishani ni shuka. Na juu ya kabati kulikuwa na boksi limefungwa kwa gundi ya karatasi: sahani kumi na mbili za udongo, vikombe, birika na chupa ya chai ya lita tatu, alivyoninunulia mama kidogo kidogo kwa ajili ya ndoa. Mimi nikila kwenye sahani ya plastiki yenye ufa, boksi liko juu linanitazama.

Mwaka 2020 zamu ya jumuiya ikanifikia. Jumamosi alfajiri watu kumi na moja wako kwangu, tumesali, chai iko tayari, vikombe viwili. Nikaanza kuhangaika mlangoni niende kuazima kwa jirani. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, mjane, ulimi wake kama wembe, akainua macho. "Boksi lile lina nini?"

"Vyombo vya harusi, bibi."

"Ya nani?"

Nikakosa jibu. Akamwambia kijana mmoja alishushe. Lilikuwa na vumbi la miaka minne. Tukanywea chai vyombo vile, na kikombe kimoja kikavunjika palepale, bibi huyohuyo ndiye aliyekiangusha, wala hakuomba radhi. Nilitegemea nitalia. Nilifagia tu vigae, nikamwongeza sukari.

Mwezi huohuo nikaenda Keko kwa mafundi, nikatengeneza kitanda cha mninga, tano kwa sita. Shangazi alipokuja kunitembelea alikizunguka mara mbili. "Mtu mmoja na tano kwa sita, unalalaje wewe?"

"Katikati, shangazi."

Sasa msije mkadhani baada ya kitanda mambo yalininyookea. Mwanzoni mwa 2021 akaja mwingine. Huyu aliingia kwangu kwa awamu: kwanza mswaki, halafu pasi, halafu viatu pea tatu. Majirani wakaanza kumwita baba mwenye nyumba. Na mimi, mwenye baba mdogo karani wa mahakama, nikawa nahesabu miezi kimyakimya, kwa sababu kifungu cha 160 cha sheria ileile kinasema waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nilifika mwezi wa kumi na tisa. Ikapigwa simu ya mwanamke kutoka Songea, sauti ya kistaarabu kabisa, akaniita dada. Wana ndoa ya kanisani na watoto watatu. Na mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine wakati ile ipo, kwa hiyo miezi yangu kumi na tisa, na hata ingekuwa mia, isingezaa kitu. Pasi alinisahaulia. Inafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukitaka uishie hapa hapa: mtu akisema anakupenda, mwombe mwende kwao. Akikwambia kwao ni mbali, mwambie basi yapo. Mimi mwenyewe sikuomba kwa sababu niliogopa nitaonekana na haraka, na woga ule ulinila miezi kumi na tisa.

La pili, tamaa usiikate. Najua mnalisikia kila mahali, na wanaolisema wengi wameshaolewa, wanalisema huku wakimfunga mtoto nepi. Ndiyo maana nalisema mimi ambaye bado nalala katikati. Kukata tamaa kuna sura nyingi. Moja ni kusema "wanaume wote ni walewale". Nyingine ni ile yangu ya boksi, ambayo kwa nje inafanana sana na subira. Tunaambiwa subira yavuta heri, na mimi sibishani na wahenga, lakini nadhani hawakumaanisha ukae na sahani ya ufa.

La tatu, ogopa wanaouza tumaini. Nimepelekwa na rafiki kwa mhubiri mmoja aliyenishika kichwa akasema nina jini mahaba, ndilo linalowafukuza wachumba, na kulitoa ni sadaka ya 200,000. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilifungua pochi. Nilikuwa na 40,000. Akapokea, akasema jini limetoka nusu. Ndugu zangu, nusu! Kama una imani, ishike, mimi ninayo na ndiyo iliyonisimamisha. Ila Mungu ninayemjua mimi hatoi huduma kwa awamu.

La nne linafanana na la pili lakini nitalisema tena: usisubiri kuishi. Nimenunua kiwanja Chanika, nimeanza kujenga. Mama alinionya, "Mwanangu, ukijenga wataogopa." Nikajenga. Fundi wangu kwa mwezi mzima, kila nikifika saiti, aliniuliza, "Mzee anakuja lini tuongee?" Nikawa namjibu mzee yuko njiani. Siku moja ukuta wa choo ukapinda, nikamwambia aubomoe wote na kwa gharama yake. Akauliza, "Mzee amesema?" Nikamwambia mzee amesema, na amekasirika. Akaubomoa. Leo nyumba imefika lenta, vyumba vitatu, na mwakani Mungu akipenda napaua. Nawaambia haya kwa majivuno, sifichi. Wako watu waliokaa kwenye vikao vya kamati yangu 2016 na bado wamepanga.

Hapo sasa wapo watakaosema dada amekuwa mgumu, anajitegemea mno, ndiyo maana. Nimewasikia. Ukiwa na nyumba unaogopwa, ukiwa huna unaonekana unatafuta wa kukulisha. Mwanamke apange wapi? Mwanamume wa kuogopa lenta atauogopa na mshahara, ataiogopa na akili. Mwacheni aogope. Na ninyi kaka zangu mnaoishi peke yenu mnasoma hapa kimya, mnaokula chipsi kila usiku mkingoja "kujipanga" kwanza, maneno haya ni yenu pia. Mnajipanga mpaka lini? Miaka kumi mnajipanga, kwani ni gwaride?

La tano, sema. Hili nilichelewa kulijua. Zamani watu walitafutiwa, shangazi alikuwa na macho mikoa mitatu, na hakuna aliyeona aibu. Sisi tumejifanya hatutaki, tukiulizwa tunasema "bado nipo nipo", halafu usiku tunakisikia kitasa. Mwaka jana nilimpigia shangazi, yuleyule wa kitanda, nikamwambia waziwazi: nataka mume, awe anasali, asiwe na mke, umri hadi 50, mgane karibu. Simu ikanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mbona ulikuwa husemi?" Tangu hapo ameshaniletea wawili. Wa kwanza alizungumzia mifupa ya mgongo kwa saa mbili. Wa pili tunawasiliana, na nimeshamwomba twende kwao. Amesema tutapanda treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi hadi Kondoa, na ameshanitumia picha ya mama yake akichambua mahindi. Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu nimeshawahi kusema mapema.

Mdogo wangu wa Mwanza, uliuliza urudi kwa mama. Nenda likizo, ule, ulale, akusuke. Halafu urudi kwako. Kitasa kile kipake mafuta, fundi wa vitasa hamalizi hata nusu saa. Na kama kuna boksi juu ya kabati lako, unajua la kufanya.

Mimi Desemba nina harusi ya mwenzangu wa ofisini. Kwa miaka yote hii daftari langu la michango linaonyesha nimelipia singo, 50,000 kila mara, kadi ishirini na tisa, na zote nimezikaa meza za nyuma na mikoba ya watu. Juzi mhazini wa kamati alinifuata mezani. Nikamhesabia laki moja.

"Hii dabo, dada."

"Najua."

"Mwingine niandike nani?"

Nikamwambia jina nitampa karibu na siku. Akanitazama, akatabasamu, akaandika jina langu, na mbele yake akaongeza: *na Mwenza*.